Fungu na Kilo: Mzee wa Kajiado katika Soko la Nyama la Nairobi

Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba shibe ya jana haina uzito mbele ya njaa ya leo. Lakini methali, sawa na kazi nyingine yoyote ya fasihi, haifungwi na matumizi yake ya mazoea. Ikitamkwa penye soko la nyama, sehemu yake ya pili huacha kuwa balagha na kuwa swali linalohitaji jibu: huyo wa jana alikula nini, alikipata kwa nani, na aliyempa alibaki na nini? Ziara inayosimuliwa hapa ilianza kwa swali la namna hiyo.

Mnamo mwaka 2023, mvua za masika ziliporejea Kajiado baada ya misimu mitano ya kukosekana, mzee mmoja mwenye umri unaokaribia miaka themanini alimwomba mjukuu wake ampeleke Nairobi akaone mahali nyama inapouzwa. Mjukuu huyo ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, anaishi Kitengela, na wakati huo alikuwa akiandika tasnifu kuhusu taswira ya soko katika riwaya ya Kiswahili. Alidhani babu anataka kuonyeshwa mnada wa mifugo au machinjio. Mzee akakataa.

"Mnada naujua," alisema. "Nimepeleka ng'ombe tangu ujana wangu, mjukuu wangu. Lakini sijawahi kuwafuata mpaka mwisho."

Mwanafunzi hakuwa na hamu kubwa ya safari hiyo. Sura ya tatu ya tasnifu yake, ambayo mhusu wake mkuu ni soko lenyewe, ilikuwa imekwisha kuandikwa na kusahihishwa mara mbili. Humo alikuwa amehitimisha kwamba soko katika riwaya ni ishara ya jamii inayogeuza kila kitu kuwa bidhaa. Hitimisho hilo lilikuwa limemridhisha msimamizi wake, na kwa hakika si hitimisho la kupuuzwa. Hata hivyo alikubali, kwa kuwa karo yake ya shahada ya kwanza ilikuwa imelipwa kwa ng'ombe wa mzee huyo, naye alijua idadi yao.

Mzee alilala Kitengela usiku mmoja kabla ya safari. Mji huo, ulio umbali wa kilomita thelathini hivi kusini mwa Nairobi, aliufahamu kabla haujawa mji. Hapo zamani palikuwa nyika iliyoungana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946 na ambayo upande wake wa kusini haukuzungushiwa ua, hivi kwamba nyumbu na pundamilia walitoka humo wakati wa mvua wakalisha pamoja na ng'ombe. Ardhi ilimilikiwa kwa pamoja kama ranchi ya kikundi. Mwaka 1988 ranchi ikagawanywa, kila mwanachama akapata hati yake. Miaka miwili baadaye eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likaanzishwa Athi River, na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Ploti zikauzwa, zikakatwa, zikauzwa tena. Bandu bandu huisha gogo. Nyumba ya ghorofa anamopanga mjukuu imesimama mahali ambapo mzee, kwa maelezo yake, aliwahi kumpoteza ndama kwa siku mbili. Asubuhi alisimama dirishani akatazama mapaa ya mabati na matangi ya maji, akauliza kijito kiko upande gani. Mjukuu hakujua.

Matatu ilipopita Athi River mzee alinyoosha kidole. Hapo, alisema, ndipo safari zake zilipokuwa zikiishia. Akiwa kijana alitembea kwa siku kadhaa kutoka pande za Kajiado akiwaswaga ng'ombe hadi kwenye kiwanda cha nyama, akawahesabu langoni, akageuka. Kiwanda cha kwanza cha nyama mahali hapo kilikuwa cha kampuni ya Liebig, kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1930. Baada ya hapo ikaja Kenya Meat Commission, iliyoundwa 1950. Mzee hakutaja majina hayo. Yeye alikumbuka lango, vumbi, na jinsi ng'ombe walivyokataa kuingia kwa sababu ya harufu. Akanyamaza hadi jijini, huku barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 ikiwatia kivuli sehemu ya njia.

Soko ambalo watu wa Nairobi huliita City Market lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika enzi ileile iliyoinua Msikiti wa Jamia na Maktaba ya McMillan, majengo mawili yaliyo jirani yake. Ukumbi wake mkuu una matao makubwa ya zege yanayopanda kama mbavu, na juu yake madirisha yaliyopangwa ngazi kwa ngazi ili nuru iingie bila jua kuwapiga wauzaji. Mtu aliyeuona ukumbi mpya wa Royal Horticultural Society uliofunguliwa London mwaka 1928 hatakosa kuutambua ukoo wa jengo hili. Lilikusudiwa kuwa mahali pa mboga, matunda na maua kwa ajili ya wakazi wa mji uliotengwa kwa rangi. Leo maua yangalipo, lakini meza nyingi za ndani na za roshani zimetwaliwa na vinyago, vikapu, shanga na mashuka mekundu ya Kimaasai yanayowangoja watalii. Nyama na samaki wamo katika safu za vibanda vinavyolizunguka jengo.

Mzee aliingia kwanza ukumbini. Muuzaji mmoja, akiona shuka aliyojitanda na masikio yake yaliyotobolewa, alimsogezea rungu lililonakshiwa.

"Karibu, mzee. Hili ni la Kimaasai halisi."

Mzee alilipokea, akalipima mkononi, akaliangalia kichwa na mpini, kisha akalirudisha kwa adabu.

"Ni zuri," alisema. "Ni la kufukuza nini?"

Jina la barabara iliyo mbele ya soko ni habari nyingine, na hapa inafaa kusimama kidogo kwa sababu mhakiki wa fasihi hufunzwa kutolipita jina. Zamani barabara hiyo iliitwa Stewart. Sir Donald Stewart ndiye kamishna aliyetia saini, Agosti 1904, mapatano yaliyowaondoa Wamaasai katika malisho ya Bonde la Ufa na kuwagawa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini mwa reli. Mapatano yalisema yatadumu kadiri Wamaasai watakavyodumu. Mwaka 1911 yaliandikwa mengine, na waliokuwa Laikipia wakahamishwa kusini na mifugo yao. Walipokwenda mahakamani, shauri lao lilitupwa 1913 kwa hoja kwamba mapatano hayo yalikuwa mkataba baina ya mataifa, na kwa hiyo si jambo la kuamuliwa na mahakama ya kawaida. Yaani walitambuliwa kuwa taifa siku ileile ambayo kutambuliwa huko kuliwanyima haki.

Baada ya uhuru barabara ilipewa jina la Muindi Mbingu. Huyu ndiye aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938, serikali ilipoanza kuwapunguzia mifugo kwa nguvu kwa madai ya kuokoa udongo usimomonyolewe. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa mnadani kwa bei ya kutupa, wakati uleule kiwanda cha Athi River kilipokuwa kikihitaji nyama. Watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake, walitoka Machakos hadi Nairobi wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini uuzaji wa lazima ukasimamishwa. Ni dhahiri kwamba waliobadili majina ya barabara hawakukusudia kejeli. Hata hivyo, kejeli ipo: soko kubwa la nyama la wakoloni liliwekwa katika barabara ya mtu aliyewaondoa wafugaji, na sasa liko katika barabara ya mtu aliyewatetea wenye ng'ombe. Mwanafunzi alimweleza babu yake habari hii wakiwa wamesimama mlangoni. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Wale ng'ombe wa Wakamba walirudishwa?" aliuliza.

Mjukuu akasema kwamba wengine walirudishwa, si wote.

"Basi huyo mtu alifanya kazi," alisema mzee, wakaenda upande wa bucha.

Wachinjaji wa Nairobi hupokea nyama alfajiri kutoka machinjio ya pembezoni mwa jiji, yakiwemo ya Dagoretti, Kiserian na Kitengela. Huko mkaguzi huipiga mhuri wa wino, na bila wino huo nyama hairuhusiwi kuuzwa. Katika bucha walimoingia, mapaja mawili yalikuwa yakining'inia kwenye kulabu, mbavu zimepangwa kando, maini na figo ndani ya sinia, na matumbo yaliyooshwa yamekunjwa kama nguo. Kijana mwenye koti jeupe alikuwa akinoa kisu.

"Shikamoo, mzee. Nikukatie kilo ngapi?"

"Marahaba. Ng'ombe huyu ametoka wapi?"

"Machinjioni, mzee."

"Na kabla ya hapo?"

Kijana alicheka, si kwa dharau. Alisema kwamba gari huleta nyama, yeye huitundika, na mteja huuliza kama ni laini. Katika miaka yake ya kazi hakuwahi kuulizwa swali hilo. Mzee akaomba ruhusa kusogea karibu. Aliutazama mhuri wa wino kwenye paja, akauliza ni nini. Kijana akamjibu kuwa ni chapa ya daktari. Mzee akaweka kidole juu ya bega la mzoga, mahali palipokuwa hapana ngozi, akamwambia mjukuu kwa Kimaasai kwamba hapo ndipo chapa ya ukoo ingekuwa. Chapa moja ilikuwa imechunwa pamoja na ngozi ili nyingine iweze kupigwa. Neno la Kiswahili ni lilelile, mwanafunzi akatambua baadaye, ilhali kazi zake mbili zimepingana: ya kwanza humwambia mtu mnyama ni wa nani, na ya pili humhakikishia kwamba hana haja ya kujua.

Ubaoni bei ya kilo iliandikwa shilingi 600. Mzee hakujua kusoma maneno vizuri ila tarakimu zilikuwa rafiki zake. Aliziangalia kwa muda. Mwaka uliotangulia, ukame ulipokuwa umefika kileleni, alikuwa amemuuzia mfanyabiashara maksai mmoja kwa shilingi 5,000, kwa kuwa mnyama alikuwa hawezi kusimama hadi kesho yake. Alikuwa ameuanza ukame na ng'ombe arobaini na mmoja akaumaliza na sita. Huyo maksai ndiye pekee aliyepata bei, waliobaki walikufa. Wahenga wanasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mwaka 2022 wengi walirejea hata kabla ya kuvunjika, wakalala, hawakuamka.

"Kilo nane," alisema mzee.

Kijana akachukua kisu, akidhani ameagizwa.

"Hapana," mjukuu akaingilia. "Anahesabu."

Kilo nane na kidogo ndiyo bei ya maksai mzima. Kijana aliposimuliwa aliacha kisu juu ya gogo, akasema pole. Akaongeza kwamba hata yeye haipangi bei. Kuna mwenye machinjio, mwenye gari, mwenye kibanda, na kodi ya jiji. Alisema kweli. Katika mlolongo huo hakuna mtu mmoja ambaye mzee angeweza kumshika shati, na labda hilo ndilo lililomchosha zaidi ya bei yenyewe. Muindi Mbingu alikuwa na gavana wa kumwendea.

Ni hapa ambapo tukio hili dogo linaigusa fasihi. Mwaka 1917 Viktor Shklovsky alitoa hoja kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kitu kilichozoeleka kionekane kigeni, ili kionwe tena badala ya kutambuliwa tu. Mfano wake mmoja mashuhuri ni hadithi ya Tolstoy inayosimuliwa kwa macho ya farasi, ambaye hawezi kuelewa kwa nini wanadamu huita vitu "vyangu", ikiwemo ardhi ambayo hawajawahi kuikanyaga na hata farasi mwenyewe. Mwanafunzi aliifahamu nadharia hii vizuri. Ilikuwa katika sura ya pili ya tasnifu yake. Lakini katika bucha ile nadharia ilimjia kutoka upande asioutarajia. Mzee hakuwa na ufundi wowote wa kisanaa aliokuwa akiutumia. Aliuliza swali ambalo kwake ni la kawaida kabisa, na papo hapo duka zima likaonekana geni. Ugeni haukuwa katika swali. Ulikuwa katika duka tangu mwanzo, ukiwa umefunikwa na mazoea ya wanunuzi.

Tofauti yenyewe inaweza kuelezwa kwa maneno mawili, fungu na kilo. Katika desturi ya Wamaasai nyama haigawanywi hivihivi. Kila kiungo kina watu wake: wazee wana chao, wanawake chao, wavulana chao. Morani huenda kula nyama msituni katika olpul, pamoja na wenzao, kwa kuwa hawali nyama iliyoonwa na wanawake walioolewa. Kwa hiyo mnyama mmoja aliyechinjwa ni kama mchoro wa jamii nzima. Mtu akitazama anachokula jirani yake anamjua umri, jinsia na cheo. Hilo ndilo fungu. Nalo Kiswahili limelipokea neno hili kwa upana: nyanya sokoni hupangwa kwa mafungu, na mtu asiyejaliwa husemwa kuwa amepata fungu la kukosa. Kilo ni jambo jingine. Mizani haimuulizi mtu yeye ni nani. Yeyote mwenye bei yake hupata kilo yake, awe mwanamke au mwanamume, kijana au mzee, mwenyeji au mgeni.

Itakuwa makosa, basi, kuliona fungu kuwa wema mtupu na kilo kuwa uovu mtupu. Mwanafunzi, akiwa mwanamke, alijua kwamba katika mgao wa jadi kuna vipande ambavyo asingalivionja maishani mwake. Mizani ilimpa uhuru fulani, na mji wa Kitengela, pamoja na ubaya wote wa ploti zake, ulimpa chumba cha kuandikia tasnifu. Mikhail Bakhtin aliliona soko la uwanjani kuwa mahali ambapo vyeo huvuliwa na watu wakacheka pamoja. Naye Émile Zola, katika riwaya yake ya 1873 kuhusu soko la Les Halles mjini Paris, aliliona kuwa tumbo linalowagawa watu katika wanene na wembamba. Wote wawili walisema kweli. Lakini wote wawili walilitazama soko zaidi kutoka upande wa walaji na wauzaji. Aliyepewa nafasi ndogo ni yule ambaye kitu kinachouzwa kilitoka kwake, na ambaye safari yake iliishia langoni. Hili ni pengo ambalo mhakiki wa riwaya ya Kiswahili angefaa kulichunguza pia: mara ngapi sokoni humo bidhaa huwa na historia kabla ya kufika mezani?

Mzee alinunua kilo mbili, mbavu na nyama ya kawaida. Kijana alizikata kwa msumeno, akafunga kwa karatasi, kisha akaongeza kipande cha ini bila kukipima.

"Hiki ni cha mzee," alisema.

Mzee akakipokea kwa mikono miwili. Katika safari nzima ya kurudi Kitengela hakusema neno juu ya soko, ila hilo la ini alilirudia mara mbili.

Jioni, chumbani kwa mjukuu, aliomba kisu na sinia. Alijaribu kuigawa nyama kama inavyostahili, akashindwa, kwa sababu msumeno ulikuwa umepita katikati ya viungo na haikujulikana tena kipi ni kipi. Akatafakari, kisha akatenga mafungu manne kwa kukisia. Moja lake, moja la mjukuu, moja la mama ya mjukuu litakalopelekwa Kajiado likishachemshwa. La nne aliagiza lipelekwe mlango wa pili, kwa mpangaji ambaye mjukuu hujua tu kwamba ni mwenyeji wa Kisii na kwamba hufanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nguo. Mjukuu alieleza kwamba hapa ghorofani watu hawafanyi hivyo. Mzee akamuuliza kama huyo jirani hakusikia harufu ya nyama.

Mama huyo alifungua mlango akiwa amevaa tayari kwenda kazini. Aliipokea sahani, akaangalia nyama, akaangalia binti, akatoa simu mfukoni.

"Asante, dada. Nikutumie ngapi?"

Mwanafunzi alisimama mlangoni akitafuta namna ya kumjibu. Ndani, mzee alikuwa amesikia swali, akauliza kwa Kimaasai huyo mama anasema nini. Kulitafsiri lilikuwa jambo gumu kuliko alivyodhani, maana kila neno alilolipata lilikuwa na bei ndani yake. Mwishowe alimwambia jirani kwa Kiswahili, "Ni fungu lako," naye akabaki ameshika sahani, simu bado iko mkononi.

Sura ya tatu ya tasnifu hiyo imeandikwa upya. Sentensi inayosema kwamba soko ni ishara ya jamii inayogeuza kila kitu kuwa bidhaa ingalipo, ila imesogezwa kutoka katika hitimisho hadi mwanzo wa sura, na baada yake yamefuata maswali. La kwanza ni lile la mzee.